Lile Gitaa Uliloliita Letu

Ni mwaka mzima sasa tangu useme unajinyoosha kidogo, usiamke tena, na bado hujatupumzisha, baba.

Hodi haziishi. Ulikuwa ukiulizwa, "Gitaa hili la nani?" unacheka, unajibu, "Letu." Mpiga ngoma wa bendi yako akaelewa ni lake. Mwalimu wa kwaya akaelewa ni la kwaya. Fundi viatu wa jirani, asiyejua hata kulishika, naye kaelewa hivyo hivyo. Machozi hayajakauka, wote wakajaa sebuleni: "Mama, marehemu alisema ni letu." Si ungetaja jina, mtu wa Mungu wewe!

Mama alilifungia kabatini. Ulishagawa makoti, ukagawa redio, ukagawa godoro la wageni na wageni wamelilalia. "Hili halitoki," alisema. "Ndilo pekee lililobaki na jasho lake."

Imani yako nayo ilitutoa jasho. Ukumbi umejaa, watu wamekuja kuichangia wodi ya watoto, wanapiga makofi kuita, nawe uko nyuma ya pazia unampatanisha mpiga tarumbeta na mpiga ngoma. "Hatuwezi kumwombea mgonjwa huku tumenuniana." Tulitamani kukukaba. Kisha unatoka, unafumba macho, unapiga, na hata mabahili waliokuja kutazama tu wanatoa walichonacho. Watoto wa watu wamepona kwenye vitanda vilivyotokana na vidole vyako. Tulikuonea fahari, baba, tukiwa tumekasirika vile vile.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya wodi ile tena, onyesho la kwanza bila wewe. Bendi ikaja kuomba gitaa. Mama akakataa katakata. Papo hapo wakaanza kugombana kibarazani nani atalishika, kama vile wameshapewa! Mpiga ngoma akaapa hapandi jukwaani. Onyesho likawa limekufa.

Mama akatoka jikoni na mikono yake ya povu.

"Nyinyi mlikuwa mnamsikiliza huyu mtu, au mnamtazama tu? Letu maana yake si lako! Wala si lako wewe! Wala si la—"

Akakwama hapo. Akaingia ndani, tukasikia ufunguo.

"Chukueni," alisema. "Akija kuliulizia, mimi simo."

Lilipigwa, baba. Mwalimu wa kwaya alilipiga, mpiga ngoma akamfuata, na wodi itapata ilichokihitaji. Ila tangu siku hiyo halijarudi, na kila tukimuuliza mtu liko wapi, anatutajia mwingine. Mama hafuatilii. Jioni anafungua kabati tupu, anatazama, anasonya, anafunga.

Wanaokukumbuka: Mama, sisi wanao, mkubwa hadi kitinda mimba, shangazi yetu uliyemwita Kasuku, wakwe zako, bendi nzima, na fundi viatu, aliyejiandikisha mwenyewe.

Tutakukumbuka siku zote, baba. Kwani umetuachia njia nyingine?