Wilaya za Wake Zako

Mbegani, Bagamoyo

Baba Ibrahimu,

Shikamoo, marahaba yake kaa nayo huko huko.

Shule niliishia kidato cha pili, ila kwa wilaya za Komoro hata mwalimu haniwezi. Barua zako zimenifundisha: Mbeni umeoa, Domoni umeoa, Sima umeoa. Sasa miguu imekufa, wake wamekutoa, unaomba urudi kwa mama.

Mama hajui kusoma, mzee wangu. Msomaji wake ni mimi. Ulipoandika, "Nisamehe, nipokee," nilimsomea, "Nimeoa tena, Fomboni."

Akauliza, "Mzuri?"

Nikamjibu, "Kasema wewe humfikii."

Ndipo akasema, "Mwandikie asirudi kwangu, hata akiwa maiti." Hayo ni maneno yake mwenyewe, sikutia langu.

Mwanao msomi,
Kibwana