Nyang'au Alikuwa wa Picha

Jentrix, uko? Wacha hiyo kitu unafanya. Nyang'au, huyu jirani yangu anayefanya kazi ya boila kiwandani, leo wamemfanyia kitu sijawahi ona.

Si unajua kiwanda kinaacha mafuta kinaingia sola? Mheshimiwa amekuja na makamera, akaahidi watu wa boila wote watapewa kazi ya sola. Wakamwita Nyang'au mbele, wakamvisha ovaroli mpya ya kijani, wakamwambia azime boila mwenyewe. Akaizima na mkono wake! Watu wakapiga makofi, yeye analia kwa furaha.

Gari ya mheshimiwa ilipotoka tu, msichana wa mradi wa sola akamfuata Nyang'au. "Mzee, vua ovaroli."

Nyang'au akadhani ni mzaha. "Nivue na naanza kazi?"

"Kazi gani? Vijana wa sola wanatoka Nairobi. Wewe ulikuwa wa picha."

Wa picha, Jentrix! Mbele ya watu, na kuna wenye walicheka. Akavua hapo hapo, akabaki na vesti kwa hii baridi yetu. Akauliza kama anaweza kurudi kwa boila.

"Si umeizima mwenyewe?"

Alimwambia hivyo!

Sasa ile picha yake na ovaroli iko kwa kila simu. Niko kwake saa hii. Elmina, bibi yake, amechinja kuku, wamama wa kanisa wamekuja kutoka hata Kipkelion kuimba na kushukuru Mungu kwa kazi mpya. Nyang'au anawapa mkono mmoja mmoja, anasema, "Asanteni."

Hajamwambia Elmina. Mimi nimepewa paja la kuku, na nimekula.