Kiromania cha Ruiru

Jumanne, Kiganjo

Kihungari! Miezi yote hiyo mke wangu alikuwa akisomea Kiromania pale Ruiru, na huko kaunti ya Harghita, Romania, alikopelekwa kazi, watu wanaongea Kihungari.

Alinipigia saa ya lunch. Huko ni milima na misitu tu, baridi haina huruma, na kijiji kizima kinategemea kiwanda cha mbao.

"Baba Njeri, leo wamenipigia kelele nitoke karibu na msumeno. Sikuelewa, mpaka mtu akanivuta."

Akanivuta! Na kama hangekuwa karibu?

Nilienda Ruiru moja kwa moja. Mwalimu wake hata hakuniangalia. "Bosi, Romania ni Romania." Mbele yake kulikuwa na darasa lingine, na wengine wanaenda huko huko Harghita. Nikatoka na hasira yangu.

Kufika nyumbani, Njeri akanisalimia kwa Kiromania, "Bună ziua, baba." Alijifunza akimsaidia mamake kukariri. Nikamfokea, maskini, akalia.

Nimemwomba msamaha. Tumetafuta kwa simu neno moja la Kihungari, *vigyázz*, yaani jihadhari. Kesho kabla mamake hajaingia kazini, Njeri ndiye atakuwa mwalimu.