Optatus alivyokata mtandao wa zahanati

Munira, Optatus wetu leo nusura azimie.

Alikuwa kwenye zahanati moja huko Msalato, anafunga ruta mpya ya intaneti. Akaiweka ile ya zamani iwe daraja tu, yaani ipitishe intaneti tu, mpya ndiyo igawe mtandao. Akabonyeza kuhifadhi. Mtandao wote ukakatika.

Mkunga akatoka chumba cha kujifungulia, glavu zina damu. "Daktari alikuwa ananielekeza kwa video. Mtoto katanguliza miguu. Umefanya nini?"

Optatus akajaribu kurudisha ilivyokuwa. Ukurasa wa mipangilio ya ruta haufunguki tena.

Akaomba namba ya daktari, akampigia video kwa bando lake, akaingia ndani kumshikia mkunga simu, uso kaugeuzia ukutani.

Mtoto wa kike, mzima. Mama yake akauliza, "Huyu kaka analia nini?"