Magoti ya Mama Hadija

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza na neno lingine.

Alizeti zimekauka, tunavuna. Kaka alipanda shamba lako lote, hata ile sehemu ya mawe uliyokuwa umeikatia tamaa. Kuku wako wameongezeka, na bado wanang'ang'ania kulala jikoni kama ulivyowazoesha. Mengine sijui niyaanzie wapi.

Unakumbuka siku nilipokuletea zile dawa? Mteja wangu mmoja pale ninaposhonea, mjini, alinisifia vidonge vya mitishamba ya Kichina, akasema vilimwinua mama mkwe wake aliyekuwa na baridi yabisi. Wewe wakati huo ulikuwa unashuka kitandani kwa kushika ukuta. Nikanunua maboksi kadhaa, nikapanda gari mpaka kwako Mtinko siku hiyohiyo. Haikupita muda mrefu ukanipigia simu ukiwa shambani, unahema, unacheka. "Rehema, nimelima mpaka kwa kina Hadija." Nililia mbele ya cherehani. Ukamgawia boksi moja na Mama Hadija, jirani yako, naye akaweka fimbo yake pembeni.

Ni mimi niliyekupangia namna ya kumeza, Mama. Choo kiko mbali na nyumba, nikaona ukinywa maji mengi utahangaika kutoka usiku na magoti yale. Nikakuwekea vidonge karibu na mto, na maji katika kile kikombe kidogo cha kunywea kahawa. Nikasema, "Funda moja tu, kisha ulale." Ukanitii. Wewe uliyenilea, ukanitii mimi.

Kisha kifua kikaanza kukuwaka. Ukaacha ugali, ukabaki na uji. Nilipouliza ukasema ni kiungulia tu, kitapita, na mimi nikakubali, maana nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Tulipokufikisha hospitali, daktari aliingiza mpira wenye kamera kooni, akaona umio, ile njia ya kupitishia chakula, umevimba na una vidonda virefu. Damu ikaanza kutoka kabla matibabu hayajashika. Hukurudi Mtinko ukiwa hai.

Baada ya matanga daktari huyo alinipigia. Alisema yeye na wenzake wanafanya utafiti juu ya wagonjwa wenye vidonda vya umio, na kwamba baadhi yao walikuwa wakitumia dawa za maumivu ya viungo, za hospitali na za mitishamba. Aliomba ruhusa watumie taarifa zako. Nilikwenda na boksi lililobaki. Akaniuliza taratibu: alikuwa anameza na maji kiasi gani? Alikuwa amekaa au amelala? Nilimwonyesha kwa vidole ukubwa wa kile kikombe.

Nikamuuliza kama mimi ndiye niliyekuua. Hakunidanganya, na hakunihukumu. "Siwezi kusema ni dawa," alijibu, "wala siwezi kusema siyo. Ndiyo maana tunauliza." Akaeleza kwamba kidonge kikikwama njiani kinaweza kuchoma, na kwamba hawajui bado ndani ya vile vidonge mna nini. Afadhali angenigombeza. Ningekuwa na kitu cha kushika.

Nilikuwa njiani kurudi ninaposhonea ndipo nikamkumbuka Mama Hadija.

Nilimkuta anapepeta mtama, amesimama wima. Boksi lake lilikuwa dirishani. Nilipomweleza alikasirika, akasema nataka kumrudisha kwenye fimbo. Nikamsihi, nikapiga magoti pale kwenye makapi. Ndipo akaniambia kwamba naye ugali ulikuwa unamkwama, na kwamba wewe ulikuwa umemwonya asinieleze habari zako. "Usimwambie Rehema, atajiona ameniletea ugonjwa." Hivyo ndivyo ulivyosema, Mama. Ulimeza moto ili mimi nilale vizuri.

Nilimpeleka kwa daktari yuleyule. Vidonda vyake vilikuwa vidogo, wakampa dawa na kumzuia vile vidonge. Kwenye utafiti alikubali mwenyewe kuingia, akaweka dole gumba. Sasa anakula ugali na mlenda kama zamani.

Lakini magoti yamerudi. Hospitali wanayatibu polepole, ila si kama vile vidonge vilivyomwinua. Jumamosi iliyopita nilikuwa namvunia alizeti, yeye amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, imevimba. Nilishindwa kumtazama. Kwako nilileta dawa, kwake nimeiondoa, na kote kuwili nimeacha maumivu. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatisha.

"Mama yako angekuwepo," alisema, "tungekaa hapa wawili, tunalalamikia magoti."

Nikakuona, Mama. Umekaa pembeni yake, unajikanda kwa mafuta, unanung'unika kwa Kinyaturu kwamba watoto wa siku hizi hawajui kuvuna. Unaumwa, unalalamika, upo. Ningechukua hayo na nisingeomba zaidi.

Pumzika, mama yangu. Daktari akiniita tena nitakwenda, na nitajibu kila anachouliza, hata kile cha kikombe, safari hii kwa mdomo wangu. Na kila Jumamosi nitakuja kukaa na Mama Hadija, nimsikilize akilalamika, mpaka achoke mwenyewe.

Mwanao,
Rehema