Amina ya Kurasa Sita

Jumatatu, 3 Agosti
Mazoezi tena hapa kwangu. Kanisa letu la Nyamwaga bado halijaezekwa, kwa hiyo kwaya nzima imehamia kwenye banda langu, hatua ishirini kutoka kwenye karasha ninayosagia mawe ya dhahabu. Paa nimewapa. Asante sijaisikia.

Wimbo wenyewe ni wa Mzungu aliyekufa zamani. Neno ni moja: Amina. Kurasa sita. Nimehesabu, alto peke yetu tunalisema mara thelathini na saba. Huyo Mungu wao alikuwa hasikii?

Besi wanaanza, tenori, wanaume wa sauti ya juu, wanafuata na tuni ile ile, halafu soprano. Alto wa mwisho. Mapigo arobaini na manne tumesimama kama ng'ombe wanaosubiri josho. Leo nimeingia kwenye pigo la thelathini na sita. Wote wakageuka. Bhoke, mwalimu wa shule ya msingi anayesimama kulia kwangu, akacheka: "Mama Karasha, hapa hatusagi mawe."

Niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kuponda mawe kwa nyundo, leo nina injini yangu. Kuhesabu sifundishwi na Bhoke.

Jumanne, 4 Agosti
Nimepatia. Arobaini na manne kamili. Mwalimu Wambura, anayetufundisha kwaya, anasema tumeshika mwendo kama saa. Jumapili tunaimba Ringwani, wanafungua kanisa jipya. Atakayekosea kwenye mazoezi ya Jumamosi atakaa na wageni.

Ringwani ndiko kwa mama yangu. Nimeshamwambia nitaimba. Hajawahi kuniona nikifanya lolote zaidi ya kubeba mawe. Sikai na wageni.

Alhamisi, 6 Agosti
Balaa. Mkanda wa injini umekatika saa tisa alasiri. Pipa la kusagia kimya, foleni ya viroba vya mawe imelala. Nikajisemea angalau leo tutaimba bila kelele.

Ndiyo kwanza tukavurugika. Tenori wanakimbia, besi wanaburuta miguu, soprano wanatazamana. Mimi nimeingia sijui wapi. Tumeanza mara saba, tumeanguka mara saba.

Aliyegundua ni mimi, si mwalimu. Wiki tatu tumekuwa tukihesabu kwa karasha. Gololi za chuma zikianguka ndani ya pipa, du, hilo ni pigo. Hakuna aliyekuwa akihesabu kichwani. Hata mimi.

Mwalimu akanitazama kana kwamba nimeiba sadaka. Eti mashine yangu imemharibia kwaya. Paa nitoe mimi, lawama nibebe mimi!

Mzee Mwita wa besi akashauri tuipakie karasha kwenye fuso hadi Ringwani. "Tuifiche nyuma ya kanisa," akasema. Hakuwa anatania. Wengine wakaanza kupanga nani atashika upande gani. Watu wazima.

Ijumaa, 7 Agosti
Mkanda haujafika kutoka Tarime. Nimekaa juu ya kiroba na simu, nikisikiliza rekodi aliyonirushia Mwalimu, kwaya ya huko Ulaya wakiimba Amina hiyo hiyo. Mara ya kwanza kelele. Ya pili kelele. Ya tatu nusura niitupe simu kwenye maji ya kusafishia. Wanaimba kama watu wanaogombea mlango.

Ya tano niliacha kuhesabu, kwa hasira tu. Nikasikiliza kama ninavyosikiliza pipa. Pipa halihesabiwi. Mawe yakiingia yanagonga, yakilainika sauti inazama, hapo unajua unga uko tayari. Miaka tisa sijafungua pipa kabla ya wakati.

Humu namo kwenye wimbo kumbe ni hivyo. Besi wana mzigo, wanawapa tenori, tenori wanawapa soprano. Hawagombei mlango, wanapokezana. Soprano wakifika juu kabisa, besi wanashuka, wanashuka, wanaacha nafasi. Nafasi ile ni ya alto.

Nimekasirika zaidi. Wiki tatu, na hakuna aliyeniambia.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimewaambia alto wenzangu waache kuhesabu, wasubiri besi washuke. Bhoke: "Leo Mama Karasha ndiye mwalimu?" Akaendelea na vidole vyake. Tumeanguka mara mbili, ya tatu tumefika mwisho. Mwalimu hakumtoa mtu. Angebaki na nani?

Jumapili, 9 Agosti
Ringwani. Watu hadi madirishani. Hakuna mlio hata wa pikipiki.

Besi wakaanza. Tenori wakafuata. Soprano wakapanda. Vidole vya Bhoke vinakimbia, ameshapotea, mdomo wazi, anataka kuingia. Nikamshika mkono. Nikaubana. Besi wakashuka. Nikauachia, tukaingia pamoja.

Nilipatia. Basi.

Nje nikamwamkia mama. "Marahaba, mwanangu. Sasa neno moja tu muda wote huo, Mungu alikuwa hasikii?" Nikaanza kumweleza habari ya kupokezana. Nikajikuta nambishia mama yangu kwa niaba ya Mzungu. Akaniacha nimalize.

"Pale uliponyamaza nilidhani umesahau," akasema. "Kumbe ulikuwa unangoja."

Jumatatu, 10 Agosti
Mkanda umefungwa. Foleni ndefu. Mteja wa kwanza ana haraka, anauliza kila mara kama tayari. Nikamwambia bado. Tukasimama wote wawili kando ya pipa, tukingoja sauti izame.