Ukuta wa kando ya dirisha

Butembo, tarehe 9 mwezi wa pili

Kwa Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama, na miguu imepunguza kuuma. Na mtoto wangu, kikohozi kimemwacha? Mimi nipo. Nakula, nalala, naenda kazini.

Swali lako limenifikia. Chokaa iko tayari, na Jumamosi, siku ya kuondoa matanga ya mke wangu Masika, mnataka kupaka nyumba yetu yote kama ilivyo desturi. Ukasema hutagusa ukuta bila neno langu.

Hapa tunamaliza nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Mke wake anataka ifanane na nyumba za Italia alizoona kwenye simu: milango yenye upinde juu, vigae vya rangi ya tofali, vyungu vya maua kwenye ngazi. Kuta nazipaka rangi ya njano iliyofifia, halafu kabla hazijakauka nazifuta kwa kitambaa chenye maji, pengine kwa nguvu, pengine kidogo, zionekane zimekaliwa miaka mingi. Juzi mama mkwe wa huyo mke alifika kutoka Lubero, akashika kiuno.

"Fundi, unazeesha nyumba mupya?"

"Ni vile banapenda kule Italia, koko," nikamjibu bibi huyo.

"Mungeniita mimi na moshi ya jiko yangu. Ningeizeesha bure!"

Tulicheka wote. Nikaendelea kufuta. Kando ya dirisha mkono wangu ulitengeneza doa, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi. Lilikuwa kama lile la kwetu, pale Masika alipoegemea akimnyonyesha mtoto, mafuta ya nywele zake yakabaki ukutani. Sikulia, Mama. Nilitazama tu.

Mfanyabiashara mwenye nyumba akasema, "Hapo ni muzuri sana, fundi. Fanya vile fasi yote, kila ukuta." Nikamwambia siwezi.

Basi pakeni nyumba. Msikae kwenye kilio kwa ajili yangu. Ila pale kando ya dirisha mniachie. Nitapapaka mwenyewe nikifika, au sitapapaka, bado sijui. Jumamosi sitakuwepo, barabara mnaijua ilivyo hatari.

Nisalimie kaka Paluku aliyechimba kaburi, na dada Kavira anayembeba mtoto ukienda shambani.

Mkitaja jina la Masika kwenye sala, mtaje na langu.

Mwana wako,
Kambale